Injini Yangu na Vifuko vya Dorine

Jumapili, 1 Desemba 1996. Mjimwema, Songea.
Mimi Pankrasi Gama, mwenye mashine ya kusaga, nimeanza daftari hili leo kwa sababu kuna jambo kubwa limeingia nyumbani kwangu, na sitaki lije kusimuliwa na watu wasiojua kusimulia. Shule niliishia darasa la sita. Siyo kwamba ilinishinda. Mwalimu aliishiwa maswali.

Jana amefika Dorine, binti wa dada yangu Kunegunda, kutoka Ujerumani anakosomea. Mama yake aliteleza kwenye tope la kisimani akavunjika mguu, na mtoto anaye huyo huyo mmoja. Amekuja na kompyuta yake. Nimeibeba mwenyewe kutoka stendi, kioo begani, boksi kubwa kwapani, mvua inapiga, na sikuteleza hata mara moja. Watu wa stendi ni mashahidi.

2 Desemba.
Mvua. Umeme wa mji hakuna.

3 Desemba.
Mvua. Umeme ulirudi, ukaondoka kabla chai haijachemka. Dorine amekaa mbele ya kioo cheusi kama mtu aliyefiwa.

Alhamisi, 5 Desemba.
Leo kaja bandani. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Injini yako inaweza kuzungusha dinamo?"

"Injini yangu? Hii niliinunua ile miaka tulipoambiwa biashara ruksa, na tangu siku hiyo haijawahi kuzima bila mimi kuiruhusu. Inaweza kuzungusha Songea yote, ila sijaombwa."

Akacheka. Tulipoingia nyumbani nikamwuliza mbele ya mama yake huko kwa Wajerumani anasomea nini hasa, ili nikiulizwa nisibabaike.

"Mishipa ya fahamu, mjomba."

"Daktari!"

"Hapana. Mimi nahesabu. Naigiza kwenye kompyuta kile kinachotokea seli moja ya fahamu inapotaka kupeleka habari kwa jirani yake. Hazigusani, zina upenyo katikati. Ya kwanza inamwaga kemikali, ya pili inaipokea. Ndivyo mkono wako unavyojua kwamba umeambiwa unyanyuke."

Mkono wangu haujawahi kuhitaji kuambiwa, lakini nilinyamaza kwa heshima. Dinamo nimeifunga jioni hiyo hiyo, mkanda wake pembeni ya mkanda wa kinu. Kompyuta imekaa kwenye kona ya banda, imefunikwa nailoni isiingie vumbi la unga. Imewaka. Watu wa Mjimwema wamekuja kuona, nikawaonyesha jinsi ya kuitazama.

Ijumaa, 13 Desemba.
Leo nimeielewa kazi yake, na naandika kabla haijapoa.

Tulisimama mlangoni tukitazama foleni. Kwangu foleni ni ya vyombo, siyo ya watu. Mama analeta beseni lake, analipanga, anakwenda zake kupalilia. Beseni linamshikia nafasi. Dorine akanyoosha kidole.

"Mjomba, ndani ya ncha ya mshipa kuna vifuko vidogo vimejaa ile kemikali. Vimejipanga ukutani kama haya mabeseni dirishani kwako. Ishara ikifika, kalsiamu inaingia ndani."

"Kalsiamu ndiyo nini?"

"Ile iliyomo kwenye mifupa ya usipa, wale dagaa wa ziwani."

"Ehe."

"Ikiingia ni kama wewe unavyopaza sauti, 'Lete!' Sasa niambie, mabeseni yote yaliyofika dirishani unayasaga palepale?"

"Yote vipi? Hilo la mama Lidwina halijakobolewa. Lile la kijani lina mawe, hajapepeta."

"Basi ni hivyo hivyo. Kufika dirishani siyo kuwa tayari. Kifuko kikishafika ukutani lazima kikazwe kwanza na protini, ndipo kiweze kumwaga. Sasa mshipa ukipigiwa kelele mfululizo, 'Lete! Lete! Lete!', vilivyo tayari vinaisha. Vingine vinatayarishwa kwa kasi gani? Hapo ndipo nilipo."

"Na kompyuta inasemaje?"

"Kompyuta yangu inadanganya. Wenzangu wamepima seli za panya, wakaona kumwaga kunashuka halafu kunatulia. Kwangu hakushuki. Kunabaki juu tu."

Jioni kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nimewaeleza wenzangu kwamba Wajerumani wamemtuma mpwa wangu kuja kuchunguza mashine yangu, maana kwao hakuna. Siyo uongo, ni kwa ufupi.

Abasi alikuwepo, anakunywa soda. Huyu Abasi ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru, na Wayao ni watani wetu sisi Wangoni. Alipata mawe ya vito mtoni, akayauza, akaja kufungua mashine ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yangu. Mimi nilifika kwenye mto ule kabla yake na niliokota jiwe jekundu kama yai la bata, nikalitupa nikidhani ni chupa. Mashine yake inakohoa. Aliposikia habari za panya akasema, "Hao panya wamewatoa kwenu Ungonini, mtani. Kwetu paka wanafanya kazi."

Ijumaa, 20 Desemba.
Leo sina hamu ya kuandika, ila nimejiwekea sheria.

Dorine alikuwa na hesabu inakwenda tangu juzi. Alinikataza kuwasha mashine ya kukoboa wakati kompyuta inafanya kazi, kwa sababu injini ikibeba mzigo inalegea, na umeme nao unalegea. Wanawake walikuwa wengi na Krismasi inakaribia. Nikasema, "Injini hii inabeba vyote." Nikatupa mkanda kwenye kinu cha kukoboa. Taa ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa, kioo kikajikunja kwa ndani, kikazima.

Dorine aliifunika kompyuta kwa nailoni, akaenda kumpikia mama yake uji. Afadhali angepiga kelele.

Dada Kunegunda ndiye aliyenieleza, mguu wake kwenye kigoda. "Kaka, huyu mtoto ana mpaka Pasaka. Bruda Hironimus wa misheni anasafiri kwenda Ujerumani tarehe ishirini na tano mwezi wa tatu, alfajiri, na ndiye atakayebeba majibu. Yasipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Amekuja huku kunipikia mimi uji. Nafasi yake ikipotea, imepotea kwa ajili ya mguu wangu. Umenielewa?"

Nimeelewa. Kuanzia leo, kinu asubuhi, kompyuta mchana, na kamwe visikutane.

8 Januari 1997.
Mvua. Mzee mmoja kutoka Mfaranyaki kaleta goti lake lipimwe mishipa. Dorine amemwelekeza hospitali. Ameniuliza nani aliyewaambia watu kwamba kompyuta inatibu. Nimesema hata mimi nashangaa.

11 Januari.
Kaja mwingine, na mgongo.

19 Januari.
Mvua. Nusu ya wateja wangu wa mchana wamehamia kwa Abasi. Wacha wahamie. Unga wake una mchanga.

Jumatatu, 10 Februari.
Jana ilikuwa Idd. Abasi ameleta sinia la pilau mpaka mlangoni, akamsalimia dada Kunegunda, akamwuliza Dorine kama hesabu zinashuka. Kumbe huwa anamwuliza kila akipita! Pilau ilikuwa na nyama nyingi. Nimekula ili nisimwudhi.

Jumatano ya Majivu, 12 Februari.
Mzee Kajetani, katekista wetu, alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma kanisani, amekonda, anakohoa. Bado alinipungia fimbo. Ni yeye aliyenifundisha katekisimu, na fimbo ni ile ile.

Nyumbani dada akasema, "Kaka, Kwaresima hii usifunge nyama. Funga kujisifu."

"Mimi? Mimi sijisifu. Nasema yaliyopo."

"Basi itakuwa rahisi."

Nimekubali. Nitafunga vizuri kuliko mtu yeyote katika parokia hii.

(Hiyo haihesabiki. Nilikuwa sijaanza.)

Jumanne, 25 Februari.
Mvua kubwa, bati linapiga kelele mpaka injini haisikiki. Dorine kaniita kwa mkono. Amegundua kosa lake. Kwenye hesabu zake za mwanzo aliweka kwamba kila kifuko kinachofika ukutani kiko tayari. Sasa ameweka ngazi ya katikati: kimefika lakini hakijakazwa. Tena kilichokazwa kinaweza kulegea kikarudi nyuma. Na ile kalsiamu inayoita "Lete!" ndiyo hiyo hiyo inayoharakisha kutayarisha.

"Kama mimi nikipaza sauti," nikasema, "na wanaopepeta nao wanakimbia."

"Hivyo hivyo. Lakini siwezi kuamini kwa jaribio moja. Kila kifuko kinakwenda kwa bahati yake. Lazima kompyuta irudie maelfu ya mara, halafu nichukue wastani."

Nimemtazama anavyofuta vumbi la unga kwenye nywele na kuanza upya kuandika, bila kulalamika. Nilikuwa nadhani kusoma ni kukaa tu. Huyu analima.

3 Machi.
Mvua. Sijajisifu.

7 Machi.
Mvua. Sijajisifu, na hakuna aliyenipongeza.

Jumapili, 16 Machi.
Kompyuta inaumwa. Kule kuzimika kwa Desemba kulichubua diski yake, na sasa jeraha linakua. Leo imewaka baada ya kujaribiwa asubuhi yote. Dorine anasema jaribio kubwa la mwisho linataka mchana mzima na usiku wake, na likianza injini isibadilishe mwendo. Diski ikisimama, hana hakika kama itainuka tena. Jaribio litaanza Jumatatu ya tarehe 24 alfajiri, kwa sababu mpaka wikiendi atakuwa anarekebisha namba za mwisho. Jumanne alfajiri Bruda Hironimus anapita na gari.

"Mjomba, injini itaweza?"

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka Kwaresima. Nikasema, "Nitaifungua kesho, niisafishe kila kitu, nibadilishe oili." Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi.
Baada ya misa tumepata habari: Mzee Kajetani amefariki. Apumzike kwa amani. Dizeli ipo. Mikanda mipya nimeifunga.

Jumatatu, 24 Machi.
Naandika nikiwa nimekaa kwenye gunia tupu kando ya injini. Inaunguruma vizuri. Mkono wangu unauma kwa kazi ya leo, lakini siku hii haiwezi kungoja.

Tuliwasha alfajiri. Nukta zikaanza kutembea kwenye kioo. Nikafunga dirisha la kusagia, nikaandika kwa mkaa: LEO HATUSAGI. Wanawake waliofika wakasonya, wakavuka barabara.

Jua lilipopanda nikasikia kengele ya baiskeli. Ni Saimon, mtoto wa marehemu Kajetani. Gunia la mahindi kwenye baiskeli, lingine linasukumwa na vijana kwenye toroli, nyuma yao wanawake wa msiba wamejifunga kanga viunoni.

"Shikamoo baba Pankrasi."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Tumeleta mahindi ya msiba. Mazishi saa tisa. Watu wa Peramiho na Mbinga wameshaanza kuingia."

Asiye wa huku anaweza asielewe. Mahindi ya msiba hayapangi foleni na hayakataliwi. Tangu nifungue banda hili sijawahi kukataa, hata kwa mtu tuliyegombana. Mwenye mashine akiyakataa, siku yake ikifika watu watakuja kwake wamebeba mikono tu.

Dorine alikuwa amesimama. Alisikia kila neno. Akasogea mpaka sikioni kwangu, maana injini ilikuwa inaunguruma.

"Zima, mjomba. Msiba ni msiba."

"Na nafasi yako?"

"Nimesema zima." Alishanyoosha mkono kwenye swichi ya kompyuta.

Nikaushika ule mkono. Nimesema uongo mwingi maishani, wa kupendeza, lakini hili nimelisema kavu: "Siizimi."

Saimon akasikia. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Amekataa! Pankrasi amekataa mahindi ya Kajetani kwa ajili ya televisheni!"

Nilimwita dada Kunegunda. Akaja na gongo lake la kutembelea, akaketi kwenye kigoda kando ya pipa la dizeli, akanyoosha mguu wake mbovu kuelekea injini kama askari aliyetegesha bunduki. "Nenda," akasema. "Hapa hapazimwi kitu." Nikainama, nikalivuta lile gunia kutoka kwenye baiskeli, nikalitupa begani, nikavuka barabara kwa miguu yangu mwenyewe, tope mpaka kwenye vifundo, foleni yote ya Abasi inanitazama.

Abasi alikuwa anapaka grisi.

"Alaa! Mngoni na gunia! Mmevamiwa?"

"Nimekuja kusagisha."

"Kwenye mashine inayokohoa?"

"Abasi, sina muda."

"Kwenye unga wenye mchanga? Jamani njooni mwone, simba anaomba majani!" Foleni ikacheka. Kisha akaona sura yangu, akaona na Saimon nyuma yangu. "Nani?"

"Mzee Kajetani."

Akaweka grisi chini, akafuta mikono. "Inna lillahi. Mzee wangu yule. Kila akipita alinisalimia kwa Kiyao, kibovu, lakini alisalimia." Akawageukia wenye mabeseni. "Akina mama, nisameheni, msiba kwanza." Hakuna aliyebisha. Akalipokea gunia kutoka begani kwangu. Halafu, kwa sababu mtani ni mtani hata mbele ya maiti, akasema, "Mtani hakatai msiba. Lakini mtani hafanyi bure, Pankrasi. Unajua."

"Sema unachotaka."

"Leo watu wakishazika, wakikaa kula, usimame mbele yao wote useme mashine ya nani ndiyo mashine hapa Mjimwema."

"Niko kwenye Kwaresima. Nimefunga kujisifu."

"Kujisifu umefunga. Kunisifu mimi umefunga?"

Nikampa mkono. Kwa umri wangu, na mdomo wangu huu, nimeshindwa maneno na Myao.

Magunia yote mawili yakasagwa. Nikayahamisha mwenyewe mpaka kwenye toroli. Dirishani kwa Abasi niliutia mkono kwenye unga. Ulikuwa laini. Hauna mchanga. Sikuwahi kuugusa kabla ya leo.

Tumemzika. Watu wakakaa, ugali ukaja na maharage na usipa. Abasi, na kofia yake safi, akanitazama kutoka upande wa pili akakohoa kidogo. Nikasimama.

"Ndugu wafiwa," nikasema, "ugali mnaokula umetoka kwa Abasi wa Nalasi. Nimetembea sana, lakini mashine kama ile sijaona. Inasaga laini mpaka ukiumimina unga, beseni linapiga chafya. Juzi alisahau kufunga dirisha, upepo ukavuma, mama mmoja wa Namtumbo, mbali kote kule, akasonga ugali kwa kilichotua sufuriani kwake. Mzee Kajetani alinipiga fimbo ili nijifunze kusema kweli. Leo nimesema mbele yake: mashine hapa Mjimwema ni ya Abasi. Yangu mimi leo ina kazi ya mtoto wetu, na haisimami."

Wakacheka. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, alicheka mpaka akajifunika kanga. Kisha akaniita, akaniuliza hiyo kazi ya mtoto wetu ni ipi. Nikamweleza vifuko na dirisha. Akasema, "Basi isizime."

Nimerudi. Dada yuko vile vile, gongo magotini. Dorine hakula. Nimeongeza dizeli. Nukta zinatembea.

Jumanne, 25 Machi.
Kabla hakujapambazuka vizuri kompyuta ilisimama yenyewe, kwa amri, imemaliza. Dorine akabonyeza, na mstari ukajichora. Ulianza juu, ukashuka, ukashuka tena, ukatulia. Ukatulia juu ya nukta za wale wapimaji wa panya, moja baada ya moja, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto.

Dorine aliweka paji la uso kwenye bega langu lenye unga na oili. Dada akaanza wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Diski ndogo tumeiweka ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kopo la maziwa, na kopo mikononi mwa Bruda Hironimus. Nilimwambia asilikalie.

Gari lilipoondoka nikarudi kupunguza mwendo wa injini. Ikagonga mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani, ikazima. Nimejaribu mpaka jasho limeisha. Pistoni imekwama. Fundi anasema kipuri mpaka Dar es Salaam.

Ilingoja amalize. Sijisifu. Naandika tu.

Pasaka, 30 Machi.
Kristo amefufuka. Injini bado.

Jumamosi, 12 Aprili.
Mvua zinapungua, mahindi mashambani yanakauka. Jana Dorine alikwenda posta kupiga simu. Majibu yamefika. Kuna mahali wanataka apasahihishe, lakini nafasi ni yake, na mwezi wa tano anarudi. Dada Kunegunda ametembea kutoka mlangoni mpaka barabarani bila gongo, ili awe wa kwanza kumwambia mtu.

Leo asubuhi nimechukua beseni langu, nikalipanga kwenye foleni ya Abasi kama mtu yeyote. Nikakaa kwenye benchi. Kwaresima imekwisha, mdomo ni wangu tena, na nilikuwa nimejiandaa kusema mengi.

Lakini Abasi alishanitangulia. Alikuwa anawasimulia wageni fulani wa Tunduru walioshuka kwenye basi, amewapa mgongo, hajaniona.

"Mnaliona lile banda ng'ambo? Injini iliyomo ilikwenda wiki nzima bila kupumua. Wiki! Binti yuko ndani anahesabu mishipa ya fahamu ya watu, mjomba wake kasimama mlangoni kashika rungu, mvua ya mawe, polisi wamekuja, padri amekuja, yeye anasema siizimi. Na haikuzima. Wajerumani wamepiga simu wenyewe kuuliza injini ni ya aina gani."

"Wiki nzima?" akauliza mgeni mmoja.

"Mwulizeni yeyote hapa."

Nilitaka kusema haikuwa wiki. Nilitaka kusema polisi hawakuja. Halafu nikaona siyo adabu mtu mzima kumkatiza mwenzake anaposimulia. Nikasogeza beseni langu mbele, nikanyamaza, nikasikiliza mpaka mwisho.